Jando la Masasi na Kijana Anayerudi Nyumbani

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya UMCA alisafiri kwa miguu kutoka Lindi kwenda bara akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Safari ilikusudiwa kuwafikisha pande za Ziwa Nyasa, lakini walipofika penye miamba ya Masasi walikaa hapo, wakajenga, wakalima, na kanisa likaanza. Wengi wa Wakristo hao wa kwanza walikuwa watu waliotenganishwa na koo zao. Hawakuwa na bibi wa kuwashauri wala mjomba wa kuwaombea ruhusa. Ukoo wao ulikuwa kanisa.

Kizazi kilichofuata kilikuwa tofauti. Wamakua, Wayao na Wamakonde wa Masasi na Newala walipoanza kuleta watoto wao kwenye ubatizo, kila mtoto alikuja na watu wake: mama, bibi, na hasa mjomba, kwa kuwa makabila haya huhesabu ukoo upande wa mama. Ndipo likaja swali ambalo kanisa la watu wasio na ukoo halikuwa limelazimika kulijibu. Kijana wa Kikristo afanye nini wakati wenzake wanapoingia jandoni?

Msomaji asiyetoka kusini asidhani jando ni tohara tu. Baada ya mavuno, vijana walitolewa nyumbani wakakaa kumbini mbali na mama zao. Ngariba alifanya kazi yake siku moja, lakini mafunzo yalichukua muda mrefu zaidi: heshima kwa wakubwa, uvumilivu, kazi, mambo ya ndoa, siri za ukoo. Mtoto aliingia kumbini na jina moja akatoka na jingine. Asiyepita huko alibaki mtoto machoni pa watu, hata akiwa na ndevu.

Kanisa lingeweza kukataza tu, kwa sababu kumbini kulikuwa na sadaka kwa mizimu na nyimbo ambazo mzazi Mkristo asingependa mwanawe azijue. Lakini katazo peke yake lingemlazimisha mzazi achague kati ya Meza ya Bwana na heshima ya mwanawe. Tena jando la Kiislamu lilikuwa linaenea nchini, na kijana aliyefungiwa mlango mmoja angeuona mwingine uko wazi.

Njia iliyochukuliwa Masasi ilikuwa ya tatu. Kanisa lilianzisha jando la Kikristo. Kumbi ilibaki, ngariba alibaki, miezi ya kukaa pamoja ilibaki. Sala za Kanisa zikachukua nafasi ya sadaka kwa mizimu, nyimbo chafu zikaondolewa, na mapadri na walimu wakawa pamoja na vijana kuwafundisha imani sambamba na adabu za utu uzima. Siku ya kutoka, ukoo wote ulikuja kuwapokea kwa furaha, kama ulivyofanya siku zote.

Vitabu vingi humpa sifa ya jambo hili William Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926 hadi 1944, na ambaye mwaka 1928 alichapisha insha kuitetea njia hiyo. Mwanahistoria Terence Ranger aliieleza habari hii mwaka 1972, na wasomi wengi wamemfuata. Lakini mwaka 2008 Anne Marie Stoner-Eby alionyesha kwamba mapadri Waafrika wa Masasi, akiwamo Kolumba Msigala aliyeacha kumbukumbu zake kwa maandishi, ndio waliolibeba jambo hilo. Haishangazi. Wao ndio waliokuwa wamekaa kumbini utotoni, na wao ndio waliokuwa na wapwa wa kuwapeleka. Walijua lipi likiondolewa kumbi itabaki kumbi, na lipi likiondolewa wazee wataondoka nalo.

Upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Unyago ni shughuli ya wanawake, na padri hana mlango humo. Pale ambapo bibi na makungwi hawakuridhika, hapakuwa na maagizo ya kanisa yaliyoweza kuchukua nafasi yao. Jambo hilo nalo linatufundisha: hakuna anayemlea kijana kwa kuwaruka wanaomlea.

Sisi Walutheri tuna ushuhuda wetu. Huko Old Moshi mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Uchagani mwaka 1902, aliwaunganisha vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya wenzi kwa kufuata desturi ya rika la Kichaga, ili mmoja awajibike kwa mwenzake hata baada ya mafundisho kwisha. Na Martin Luther mwenyewe, alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliiandika ili baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mafundisho yalikusudiwa yaanzie mezani pa familia na yarudi hapo.

Siku hizi vijana wa Ulaya hutenga mwaka mmoja baada ya shule kwa ajili ya utumishi. Kupitia mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008, wengine huja kutumika katika makanisa yetu, na baadaye vijana wa Kitanzania nao wakaanza kwenda Ujerumani kwa mpango huohuo. Ni jambo jema. Lakini wengi wa vijana wetu hawatapanda ndege. Kijana wa Lisekese anayemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi wa Novemba na kupangiwa kidato cha tano huanza masomo mwezi wa Julai. Hiyo ni miezi zaidi ya saba. Ambaye hakupangiwa hana tarehe ya kungojea kabisa. Mwaka wa kando anao tayari, ila hakuna aliyemwandalia kumbi. Kijiwe kitamfundisha, simu itamfundisha, na masomo yao hayana mzee wa kuyatolea hesabu.

Mwinjilisti Luka anasimulia kwamba Yesu, akiwa na miaka kumi na miwili, alibaki hekaluni siku tatu kati ya walimu. Tunapenda kuhubiri siku hizo tatu. Luka anaendelea kusema kwamba alishuka na wazazi wake hadi Nazareti, akawatii. Kando na nyumbani vilikuwa safari moja.

Wazee wa Masasi walilifahamu hilo. Nguvu ya jando ilikuwa katika siku ya kutoka: mjomba amesimama, mama ameandaa chakula, na kijiji kizima kinajua jina jipya la kijana huyu na kinachotarajiwa kwake. Usharika unaotaka kuwapa vijana wake miezi ya maombi, kazi na mafundisho uanze kwa kuketi na wazazi, wajomba na bibi zao, waafikiane ni nani atakayempokea kila mmoja siku ile, na atamkabidhi kazi gani.