Gisenyi na Mnyama wa Kubuni

Katika riwaya ya William Golding, Lord of the Flies, iliyotoka mwaka 1954, wavulana wanajikuta kisiwani bila mtu mzima, na baada ya muda wanawindana na kuuana. Wengi wameisoma na kutoka na fundisho moja: mwondolee binadamu mamlaka, unyama wake utajitokeza. Historia ya Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma kando ya Ziwa Kivu, inalikataa fundisho hilo. Hapo mamlaka yalikuwapo. Mwaka 1990 Hassan Ngeze wa Gisenyi alianzisha gazeti la Kangura, lililowachora Watutsi kama hatari kwa taifa. Mapema mwaka 1991 Wabagogwe, ambao ni Watutsi, waliuawa katika mkoa wa Gisenyi. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mkoa uleule, Léon Mugesera wa chama tawala cha MRND alihutubia mkutano wa hadhara akachochea mauaji. Kwa hiyo mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza Aprili 1994, hayakuzuka ghafla. Kwenye vizuizi vya barabarani watu walitenganishwa kwa vitambulisho vilivyotolewa na serikali yenyewe. Ndivyo alivyo pia Jack, mvulana anayejifanya kiongozi katika riwaya ya Golding: anapata utii kwa kukuza hofu ya mnyama asiyekuwapo.

Mtu atasema kwamba walioshika mapanga walikuwa raia wa kawaida, hata majirani. Ni kweli, na Golding hakukosea kuona kwamba uwezo wa kuua umo ndani ya binadamu. Lakini uwezo si lazima. Félicité Niyitegeka, Mhutu, aliwaficha Watutsi katika kituo cha Saint Pierre mjini Gisenyi na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka. Kaka yake, afisa wa jeshi, alitaka kumwokoa. Akakataa kuwaacha aliowahifadhi, akauawa pamoja nao Aprili 1994. Je, si mmoja tu kati ya wengi? Huyo mmoja anatosha kuthibitisha kwamba kuua kulikuwa uamuzi, na mwenye kuamua ana hatia. Sheria nayo ilihukumu hivyo: Ngeze alitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa mjini Arusha mwaka 2003, na Mugesera akapewa kifungo cha maisha nchini Rwanda mwaka 2016. Tunapowafundisha vijana riwaya hii, tusiwaache waamini kwamba maumbile ndiyo yaliyoua. Tuwafundishe kumchunguza mapema kiongozi anayewatafutia adui.