Komite moja, vituo vinne: somo la Ebola kwetu Kivu

Wenzangu, sisi wa agronomia tukitaka kujua kama mbegu ya maharagwe inazaa vizuri, hatulimi shamba moja tu. Tunapanda Kabare, Walungu na Uvira kwa protokoli moja, kisha tunajumlisha. Maharagwe hayaulizwi kama yanakubali. Mtu lazima aulizwe. Sasa utafiti juu ya watu ukifanyika sehemu nne, nani achunguze kama wanatendewa haki? Kila kituo na komite yake ya maadili, ama komite moja kwa wote?

Mfano tunao hapa hapa mashariki. Tarehe 20 Novemba 2018, Ebola ikiwa inaua watu Kivu ya Kaskazini, jaribio la dawa kadhaa lilianza Beni. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Liliongozwa na INRB ya Profesa Muyembe pamoja na NIAID ya Marekani, likafika pia Mangina, Butembo na Katwa. Protokoli ilikuwa moja kwa vituo vyote, na ilipitishwa na komite ya maadili ya Chuo Kikuu cha Kinshasa pamoja na ile ya NIAID.

Faida ilionekana. Kama Katwa wangekuwa na masharti yao na Beni yao, ingekuwa vigumu kujumlisha. Kwa kufuata sheria moja, wagonjwa 681 wakawa hesabu moja. Tarehe 9 Agosti 2019 wachunguzi huru wakashauri jaribio lisimamishwe, maana dawa mbili zilikuwa zinaokoa zaidi. Kwa hesabu za mwisho, vifo vilikuwa 35,1 kwa mia kwa mAb114 na 33,5 kwa REGN-EB3; ZMapp 49,7, remdesivir 53,1. Wagonjwa wapya wakaanza kupewa moja ya zile mbili nzuri. Siku chache baadaye Ebola ikaingia Mwenga, kwetu Kivu ya Kusini. Kumbe jibu lilikuwa tayari.

Lakini tusiishie kupiga makofi. Komite ikikaa Kinshasa inasoma karatasi. Minong'ono ya Katwa haiisikii. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kama sababu. Wengi wakasema ugonjwa huu ni siasa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Kuomba ukubali wa mgonjwa katikati ya hofu kama ile si kutafuta sahihi tu. Inahitaji mtu anayejua Kinande, na anayejua nani anasikilizwa katika familia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: faili lichunguzwe mara moja, lakini wenyeji wasikilizwe kabla muhuri haujagongwa. Bukavu tunayo komite ya maadili ya afya, kwenye Université Catholique. Kesho utafiti mmoja ukija Bukavu, Uvira na Goma, komite kama hiyo isipokee nakala tu.

Na wewe unayeandaa memwari ya lisansi na maswali yako ya kijijini: ruhusa ya chuo haitoshi kama mama mwenye shamba hajaelewa kwa nini unamuuliza, na kwamba anaweza kukataa.