Maneno Mia kwa Dakika: Kinachopimwa Chuoni na Kinachofanywa Ofisini

Chukua tangazo lolote la nafasi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi katika utumishi wa umma Tanzania. Sharti ni lile lile: mwombaji awe na stashahada ya uhazili, awe amefaulu hatimkato (uandishi wa haraka kwa alama) ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika moja, na awe na cheti cha programu za kompyuta. Enzi cheo kikiitwa Katibu Mahsusi Daraja la III, kasi iliyotakiwa ilikuwa maneno 80. Sasa panda kidogo kwenye tangazo hilo hilo, usome majukumu: kupokea wageni na kuwasaili shida zao, kutunza kumbukumbu za miadi, vikao na safari za mkuu, kumtafutia majalada anayoyahitaji, kufikisha maelekezo yake kwa wasaidizi na kumrudishia majibu. Kuchapa kumo. Hatimkato, kwa kawaida, haimo.

Sisemi hatimkato ifutwe. Ninachosema ni kwamba kasi ya mkono imefanywa mlango wa kazi ambayo sehemu yake ngumu ni uamuzi: karatasi ipi iende wapi, mgeni yupi asubiri, neno lipi la mwenyekiti liingie kwenye muhtasari na lipi liishie hewani. Uamuzi huo mhitimu huachiwa ajifunzie kazini, kwa hasara ya watu wengine.

Kipimo chenyewe kimetoka mbali. Isaac Pitman alichapisha mfumo wake wa mkato Uingereza mwaka 1837, akiutengeneza kwa sauti za Kiingereza, na ofisi za kikoloni zikauleta huku pamoja na taipureta na karatasi za kaboni. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilipoelekeza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, imla nayo ilibadilika lugha. Katika mfumo wa Pitman konsonanti huandikwa kwa mistari, minene na myembamba, na irabu huwekwa kama vitone na vistari pembeni. Mwandishi mwenye kasi huziacha irabu hizo. Mahali alipouweka mstari, juu, katikati au chini, panampa fununu ya irabu ya kwanza, basi. Kiingereza huvumilia uzembe huo wa irabu. Kiswahili hakivumilii. Andika p na nd peke yake, kisha urudi mezani kusoma ulichoandika: ni panda, penda, pinda, ponda au punda? Irabu ya mwisho ni mbaya zaidi, kwa sababu ndiyo inayobeba agizo. Kikao kikisema wazabuni “walipwe”, hayo ni maamuzi yanayotoa fedha. Kikisema “walipwa”, ni taarifa tu. Kati ya hayo mawili pana kitone kimoja ambacho mtu anayekimbilia neno la mia huenda hakukiweka.

Nini basi kinachomwokoa katibu hapo? Si mkono wake. Ni kule kuelewa kama kikao kilikuwa kinaamua au kinasimuliwa. Waliobobea katika hatimkato ya Kiswahili wanalijua hili na hulisema waziwazi: alama husomwa kwa kumbukumbu ya mazungumzo. Maana yake hata ndani ya ufundi ule tunaoupima kwa saa, kinachofanya kazi ni kitu ambacho saa haikigusi.

Nimekiona kitu hicho kikifanya kazi katika masjala moja ambayo sitaitaja. Baba yangu mdogo alistaafu ualimu akakuta mafao yake yamekokotolewa kwa cheo cha chini. Barua ya kupandishwa daraja haikuwemo kwenye jalada lake, na ofisa aliyetupokea alikuwa ameshakata shauri kwamba haikuwahi kuandikwa. Tulirudi mara tatu. Mara ya nne tukamkuta mama mmoja wa makamo, miwani kwenye paji la uso, akipanga barua za asubuhi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Jalada la nani?”

Alilipekua kuanzia nyuma, folio moja moja, bila haraka. Akasimama kwenye barua fulani, akaisoma mara mbili. “Hii inajibu barua ambayo haimo humu,” alisema. “Mzee aliwahi kuhamishwa?” Aliwahi, miaka miwili, kisha akarudi. “Basi ana majalada mawili.” Akaeleza: mtumishi akihamia kituo kipya kabla jalada lake halijafika, masjala humfungulia jalada la muda. Jalada kuu likifika, la muda huunganishwa nalo na folio hupangwa upya. Huo ndio utaratibu. Ila mara nyingi la muda husahaulika kabatini. Ilimchukua kama dakika ishirini kulipata. Barua ya daraja ilikuwa folio ya tatu, muhuri wa kupokelewa umekolea vizuri kabisa.

Nilimuuliza chuo gani kilimfundisha kusoma jalada namna ile. Alicheka. “Kwa kukemewa, mwanangu.”

Jibu hilo limenikaa. Vyuo havijalala, na ni haki kusema hivyo. Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichoundwa kama wakala wa serikali mwaka 2000 na chenye kampasi yake Tabora, mji ambao kwa wengi jina lake na uhazili huenda pamoja, kinafundisha uhazili na kinafundisha utunzaji wa kumbukumbu. Lakini ni kozi mbili, zenye wanafunzi tofauti. Mhazili huandika, mtunza kumbukumbu huhifadhi. Katika wizara kubwa mgawanyo huo una mantiki. Katika ofisi ya kata, ya shule ya sekondari au ya zahanati, mtu ni yule yule mmoja: ndiye masjala, ndiye mapokezi, ndiye daftari la kupelekea barua. Sheria nazo hazimtofautishi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 pale nyaraka za siri zinapohusika, na sasa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zote zinapita juu ya meza yake. Kitabu cha wageni pekee, chenye majina, namba za simu na shida za watu, kimeachwa wazi mlangoni kwenye ofisi nyingi nilizoingia. Mgeni anayesaini anasoma shida ya aliyemtangulia.

Muhtasari ndio mahali uamuzi unapoonekana wazi zaidi. Mfumo wake kila mtu anaujua: kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, kuthibitisha muhtasari uliopita, yatokanayo, mengineyo, kufunga. Katika orodha hiyo ni “yatokanayo” inayompima katibu. Azimio la mwezi uliopita lilisema nini hasa, nani aliagizwa, amefanya? Katibu aliyeandika “wajumbe walisisitiza umuhimu wa ukarabati wa choo” amezalisha kikao kijacho kitakachosisitiza tena. Aliyeandika “Mhandisi alete makadirio kabla ya tarehe 15” amempa mwenyekiti pa kuanzia. Na wenyeviti wana tabia ya kusema “basi tumekubaliana” wakati hakuna lililokubaliwa. Katibu mzuri huinua mkono hapo hapo: “Samahani Mheshimiwa, niandike nini?” Swali hilo la maneno manne ni gumu kuliko maneno 100 kwa dakika, hasa likiulizwa na binti wa miaka 23 mbele ya wajumbe wa rika la baba yake. Sijui kwa nini hatulifundishi kwa mazoezi, kama tunavyofundisha kuchapa bila kutazama vidole.

Pingamizi zito ninalijua, na si la kudharau. Kasi hupimwa kwa haki. Neno limeandikwa au halikuandikwa. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mkurugenzi wanapimwa kwa saa ile ile, na msahihishaji hana pa kupenyezea upendeleo. Ukianza kupima “uamuzi”, umefungua dirisha la kujuana. Katika nchi ambako ajira ya serikali ni tegemeo la ukoo mzima, hoja hii ina uzito kuliko nadharia zangu zote za uhazili. Lakini uamuzi wa ofisini, tofauti na busara kwa jumla, huacha alama kwenye karatasi, na alama husahihishika. Jalada lenye makosa sita yaliyopandikizwa lina majibu sita. Kikao kilichorekodiwa chenye maazimio manne na kelele nyingi kina maazimio manne, mtahini awe yeyote.

Wapo wanaosema ofisi mtandao itamaliza mjadala huu, kwa kuwa mfumo wenyewe hutoa namba za folio na barua haziwezi kupotea kabatini. Hupotea vizuri zaidi. Barua iliyopakiwa chini ya mada isiyo yake haina hata rangi ya jalada ya kumshtua mtu anayepita.

Kwa hiyo ningeubakiza mtihani wa hatimkato, kwa kasi ya 80 ile ya zamani, kama zoezi la usikivu. Kando yake ningeweka mtihani mwingine wa saa moja. Mezani: majalada mawili ya mwalimu mmoja, kuu na la muda, hayajaunganishwa, barua tatu za asubuhi, moja ikiwa ya siri iliyofunguliwa kimakosa, na ukurasa wa muhtasari wenye azimio lisilo na mhusika. Mlangoni, mzee mwenye bahasha ya kaki, amekuja mara ya nne.