Tshibumba Kanda Matulu: Mchoraji Aliyejiita Mwanahistoria

Mjini Lubumbashi, katika miaka ya 1970, mchoraji wa picha za kuuza aliishi kwa kurudia. Mnunuzi alitaka mamba-muntu au «Colonie belge» ya kutundika sebuleni. Mchoraji alitandaza kitambaa cha gunia la unga, akachora ile ile ya jana. Picha ngeni ingeweza kukaa bila mtu, na rangi ilikwisha kulipiwa.

Tshibumba, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947, alikula jasho la kazi hiyo hiyo. Lakini alijiita mwanahistoria. Mwishoni mwa 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha hapo, akamfunulia nia yake ya kuchora historia ya nchi nzima. Katika miezi iliyofuata zilitoka picha zipatazo 100, tangu enzi za mababu hadi nyakati ambazo hazijafika; na picha hizo alizifafanua mwenyewe kwa Kiswahili cha Lubumbashi, maneno ambayo Fabian aliyachapisha mwaka 1996.

Je, ari hiyo ilitoka kwa mnunuzi? Hoja hiyo haitoshi. Fedha, na pengine zaidi ya fedha sikio la msikilizaji, zilimpa nafasi ya kuacha kurudia. Hazikumpa wazo la kumlaza Lumumba maiti chini ya misalaba mitatu.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Picha hizo zimehifadhiwa Amsterdam.