Simulizi ya Mgonjwa Kama Ushahidi: Funzo la Degedege

Mtafiti wa afya anapokusanya masimulizi ya wagonjwa, mara nyingi huyakatakata, akavipanga vipande chini ya mada: gharama, umbali, imani. Mfuatano wa matukio hupotea. Hoja ya makala haya ni kwamba mfuatano huo ndio ushahidi wenyewe.

Mwaka 1988, katika The Illness Narratives, Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia wa Marekani, alitofautisha maradhi anayoyatambua daktari na kuugua anakokupitia mgonjwa pamoja na jamaa zake. Tofauti hiyo haijapata kuonekana wazi kama katika degedege.

Kwa daktari, mtoto mwenye homa anayepatwa na degedege huenda ana malaria kali, na kila saa ina thamani. Tafiti za Bagamoyo, Tanzania, katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba kwa wazazi wengi malaria ilikuwa homa ya hospitali, ilhali degedege lilikuwa ugonjwa mwingine, ambao tiba yake ilianzia kwa mganga. Wapo walioamini kwamba sindano ingemuua mtoto.

Sasa dodoso linauliza: "Kwa nini ulichelewa?" Swali hilo limekwisha kuhukumu, na mama aliyehukumiwa hujitetea kwa jibu fupi: nauli. Aombwe badala yake asimulie tangu mwili wa mtoto ulipoanza kuchemka, na yatajitokeza mengine: dawa iliyonunuliwa dukani, ushauri wa mama mkwe, safari ya kwa mganga, mume aliyesubiriwa atoe ruhusa na fedha. Kile ambacho hospitali inakiita uchelewaji kinageuka kuwa msururu wa maamuzi, kila uamuzi una sababu yake na mwamuzi wake. Mwanaanthropolojia John Janzen, katika utafiti wake wa Wakongo uliochapishwa mwaka 1978, alikwisha kuonyesha jinsi jamaa wanavyousimamia uponyaji wa ndugu yao. Kumhoji mama peke yake, basi, ni kusikia nusu ya habari.

Wapo watakaopinga kwamba kumbukumbu hubadilika, hasa kwa aliyefiwa. Ni kweli. Ndiyo maana simulizi ilinganishwe na faili la hospitali, na pale vinapopishana, mtafiti achunguze sababu badala ya kumwona msimulizi mwongo. Tena, mahojiano yasiishie wodini. Wodini wapo waliofika. Waliozibiwa njia, au waliozika kabla ya kufika, wako majumbani.

Kazi hii inahitaji muda, lugha ya msimulizi na heshima kwa msiba wake, na wafadhili hawana budi kuigharimia. Faida yake ni dhahiri. Tangazo la "mpeleke mtoto hospitali mapema" huelekezwa kwa mama, ambaye mara nyingi hana kauli ya mwisho. Simulizi iliyosikilizwa hadi tamati hutuonyesha ni nani mwingine wa kuzungumza naye, na katika hatua ipi mtoto angali anaweza kuokolewa.