Peugeot 504: Namna barabara za Afrika zilivyolibadili gari la Ufaransa

Peugeot 504 kuukuu inayoonekana hadi leo katika barabara za Kenya si lazima iwe sawa na ile iliyouzwa Paris, ingawa umbo ni moja.

Gari hilo lilizinduliwa nchini Ufaransa mwezi Septemba 1968, na mwaka uliofuata likatunukiwa tuzo ya Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Lilisifiwa kwa ulaini wa mwendo: kila gurudumu la nyuma lilipanda na kushuka peke yake, na abiria hakurushwa ovyo na mashimo. Hata hivyo, mfumo huo una viungio vingi, na kila kiungio huchakaa, kikahitaji kipuri kutoka ng'ambo.

Mwaka 1973 ikaja 504 L, yenye injini ya sentimita za ujazo 1,796 badala ya 1,971, na ekseli moja nzima iliyoyaunganisha magurudumu ya nyuma. Ulaya hiyo ilikuwa 504 ya bei nafuu. Katika masoko mengi ya Afrika, ekseli nzima ilipendelewa kwa sababu nyingine: inastahimili mzigo, na fundi wa kando ya barabara huitengeneza bila vifaa maalumu. Gari refu la safu tatu za viti lilikuwa na ekseli ya namna hiyo pamoja na springi nne nyuma, mbili kila upande. Ndilo lililokuwa teksi ya safari ndefu nchini Kenya, na watu waliiita "Pijo" tu.

Marekani nayo ilikuwa na matakwa yake. Sheria za huko zililazimisha taa nne za mviringo mahali pa zile mbili pana.

Mashindano ya Safari Rally yalilijengea gari hilo jina: Ove Andersson alishinda mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Ushindi huo wa pili ulipatikana kwa kupe yenye injini ya V6, ambayo wateja wa kawaida wa Afrika Mashariki hawakuinunua.

Ufaransa iliacha kutengeneza 504 ya saluni mwaka 1983. Argentina iliendelea hadi 1999, na Kenya, iliyokuwa ikiyaunganisha magari hayo mjini Mombasa, hadi 2004.