Jiko la Kibarua

Msomaji, yamkini umezoea kudhani ya kwamba kula hotelini ni anasa ya wenye fedha, na kwamba maskini hula nyumbani kwake. Historia ya mji wa Nairobi yatuonyesha kinyume. Waliolazimika kununua chakula kilichopikwa, siku baada ya siku, walikuwa vibarua, nao walikinunua kwa sababu hawakuwa na jiko.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Haukupita muda mrefu, wanaume wakamiminika huko kutafuta kazi, wengi wao wakisukumwa na kodi iliyodaiwa kwa fedha taslimu. Wake na watoto walibaki shambani. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mpita njia tu, na kwa hiyo mshahara wake ulipimwa kwa tumbo moja. Waajiri wengi walimwongezea posho ya unga wa mahindi. Lakini fikiri nawe: unga bila sufuria, bila kuni, bila nafasi ya kuwasha moto, utakufaa nini? Huko Pumwani, mtaa wa Waafrika uliofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wanaume kadhaa walilala chumba kimoja, kila mmoja akilipia mahali pa kulaza ubavu.

Basi wakatokea wapishi, na wengi wao walikuwa wanawake. Waliuza uji, maandazi, na mahindi yaliyochemshwa pamoja na maharagwe. Usidharau hesabu yao. Maharagwe makavu hutaka saa nyingi motoni. Mtu mmoja akijipikia sahani moja, kuni zaweza kumgharimu kuliko maharagwe yenyewe. Sufuria moja ya watu arobaini huligawa gharama hilo mara arobaini. Hata neno hoteli lilibadilika maana: kwa Waingereza ni nyumba ya kulala wageni, kwetu likawa nyumba ya kula, ijapokuwa ni mabati manne na benchi moja. Sijui neno jingine la kukopa linaloonyesha wazi hivyo shida ya walilolikopa.

Mwaka 1954 halmashauri iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika. Iliona ya kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni na watu binafsi, na karibu robo ya wale wa serikali, walipata mshahara usiotosheleza mahitaji ya lazima. Kima cha chini kilikuwa kimekadiriwa kwa mtu asiye na jamaa. Halmashauri ikashauri kikadiriwe kwa mtu mwenye mke na watoto.

Sasa jiulize: ikiwa mshahara haukutosha, mtu huyu aliwezaje kurudi kazini kesho yake akiwa na nguvu? Sehemu ya jibu imo katika sufuria ile. Mpishi hakujilipa ujira wa kuamka alfajiri. Alikubali faida ya senti chache, na mara nyingi alikopesha hadi mwisho wa mwezi. Kwa namna hiyo mwanamke maskini alimsaidia mwajiri tajiri kulisha wafanyakazi wake, wala hakuna daftari la kampuni lililoandika msaada huo. Malipo yake yalikuwa kufukuzwa na askari wa mji kwa kukosa leseni, na chakula chake kumwagwa.

Uhuru wa mwaka 1963 haukuyaondoa mambo hayo mara moja. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliishauri Kenya iache kuwasumbua wenye biashara ndogo kama hizi, kwa kuwa ni nguvu ya uchumi wala si uchafu wa kufagiwa. Hata hivyo ubomoaji wa vibanda uliendelea miaka mingi baadaye. Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya Machakos, palibomolewa mwaka 1990.

Ukipita leo saa saba mchana karibu na viwanda vya Nairobi, utawaona wafanyakazi wakitoka malangoni na kuelekea kwenye moshi wa vibanda. Wengine watalipa papo hapo. Wengine wataandikwa, walipe mshahara utakapotoka.